Pweza wa Watu Watatu

Saa saba mchana mzamiaji alitoka majini na vitu viwili, akaviweka kwenye sitaha ya boti ya polisi kama mtu anayetua kikapu cha sokoni: mkono wa chuma wa kuzungushia winchi ya nanga, na simu.

"Vilikuwa pamoja?" Inspekta Vinka Oreb akamuuliza.

"Vimeachana hatua mbili tu, mkuu. Chini ya omo kabisa, ncha ya mbele ya boti. Chini ni mchanga mtupu na maji yametulia. Kilicholala pale kimeangukia palepale."

Vinka akainua macho kuitazama Zvizdan, boti ya matanga iliyofungwa kwenye boya katikati ya ghuba ya Smokvina, ndefu, nyeupe, imesuguliwa ikang'aa kama meno. Haikuwa ajabu. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno kutoka Zagreb, Zdenko Hrastić kwa jina, na saa ile alikuwa amekaa chini ya turubai karibu na usukani wake, pingu mikononi. Jana saa kumi na moja jioni rafiki yake wa miaka thelathini, Lovre Bačić, alikutwa akielea nyuma ya boti hiyo, kisogo kimepasuka. Walikuwa wanne waliotoka Trogir kuzunguka visiwa kama walivyozoea wakati wa kiangazi: daktari, mkewe Ksenija, Lovre, na rafiki yao Jagoda. Sasa wamebaki watatu, na mwendesha mashitaka wa Dubrovnik alishapiga simu mara mbili. Daktari apelekwe. Boti ya polisi iondoke saa kumi na moja na nusu. Mengine yatafuata.

Ya kumshuku daktari hayakukosekana. Jana asubuhi watu wa boti ya jirani walimsikia akimfokea Lovre: "Shika tena usukani wangu uone kama sikuzamishi!" Na mkono wa winchi ni wa boti yake, na alama za vidole zilizojaa kwenye kasha unamokaa ni zake.

"Mimi nakwambia, mkuu," akasema Koplo Pave, akijifuta jasho. "Mume, mke, rafiki mwenye sura nzuri. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili."

Pave alizaliwa Slavonia, bara kwenye mahindi na nguruwe. Alikuwa na miaka miwili visiwani, na bado aliitazama bahari kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani.

"Darasa la pili ndiko watoto wanakokosea sana," akasema Vinka. "Niambie wewe. Mtu anapigwa kichwani akiwa omo, simu mkononi. Alikuwa anampigia nani?"

"Mwanamke."

"Yupi?"

"Mke wa daktari, nani mwingine!"

"Aliyekuwa amelala hatua kumi nyuma yake? Ampigie simu ya nini, si angemwita tu? Twende. Tuna saa nne na nusu."

Daktari hakuinuka walipopanda. Alikuwa mnene, mwekundu kwa jua, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"Jana baada ya chakula cha mchana ulikuwa wapi, daktari?"

"Hapahapa. Nililala. Sote tulilala. Jua lile, nani asingelala?"

"Na Lovre?"

"Lovre halali. Lovre ana kazi. Siku zote Lovre ana kazi kwenye boti yangu." Akacheka bila furaha. "Inspekta, hii boti nimeinunua kwa kuchungulia midomo ya watu elfu nne. Nikiingia bandarini, mlinzi anamsalimia nani? 'Karibu, nahodha!' Anamwambia Lovre. Mimi ananirushia kamba."

"Ulimwambia utamzamisha."

"Nilimwambia. Na ningekuwa mwepesi ningemzamisha. Nimenenepa."

Pave akaandika *amenenepa*. Vinka akamtupia jicho, naye akalikata.

"Mkeo na yeye walikuwa na lolote?"

"Mke wangu anacheka, basi. Miaka ishirini namsimulia kisa cha padri na punda, hacheki. Jumatatu Lovre kasimulia kisa hichohicho. Changu! Kakipata kwangu! Ksenija akacheka mpaka akashika mbavu. Muulize mbavu za nani."

"Za nani?"

"Za Lovre."

Akaelekeza kidevu kwenye uzio wa boti, ambako foronya moja nyeupe ilikuwa imeanikwa kwa vibanio viwili. "Na hawa wanawake watanimalizia maji. Tazama! Tangi lina lita mia tatu, kisiwa kizima hakina mto, mtu anakaa anafua foronya. Moja! Nani anafua foronya moja?"

"Ya nani?"

"Ya chumba cha mbele. Cha Jagoda."

Vinka aliishika, akaipitisha kati ya vidole. Ilikuwa imekauka na kukakamaa. Aliiacha ilivyo, akashuka ngazi kuingia ndani.

Ksenija alikuwa jikoni mwa boti akichemsha kahawa ambayo hakuna aliyemwomba. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, amefunga nywele kwa kitambaa. Vinka akaweka kibanio cha nywele mezani.

"Chako?"

"Changu. Na najua mlikokiokota. Chumbani kwa Lovre. Nilikwenda kumwamsha anywe kahawa, kikadondoka. Andikeni."

"Mumeo alijua?"

"Bi inspekta, mume wangu anamwonea wivu mbwa wetu akinilamba mimi kwanza. Nikinunua mkate kwa mwokaji mwenye masharubu, nyumbani chakula hakiliki. Nimezoea."

"Unadhani amemuua Lovre?"

Kahawa ikapanda, ikamwagika juu ya jiko. Ksenija hakuigusa.

"Miaka ishirini nalala naye kitanda kimoja," akasema. "Jana usiku nimelala kwenye boti ya Waslovenia nisiowajua. Unataka jibu gani tena?"

"Jana jioni mlikuwa mmepanga nini?"

"Kula kwa barba Jerko, yule mzee wa mkahawa hapo ng'ambo. Sote wanne. Lovre ndiye anayeagiza kila tukija pwani. Sisi kazi yetu kukaa mezani."

"Ugomvi mwingine haukuwepo? Ukiacha wa asubuhi?"

"Mimi na Jagoda." Alisema kama mtu anayetema kokwa ya zeituni. "Mchana, tukila. Nikamwambia ukweli wake: kuna feri Ijumaa. Katununia tangu Trogir. Nikicheka, ananuna. Lovre akinishika mkono nishuke, ananuna. Yule toka sekondari anahesabu nani kakaa karibu na nani."

"Lovre alisemaje?"

"Alikata tikiti. Lovre akiona wanawake wanagombana hukata tikiti."

Jagoda walimkuta nchi kavu, kwenye gati la mawe la barba Jerko, chini ya kichanja cha mizabibu. Alikuwa mfamasia huko Karlovac: mdogo wa umbo, nywele zimeanza mvi, mikono imetulia mapajani. Pembeni yake kulikuwa na begi limefungwa zipu. Alipomwona Vinka alisogea kumpisha kivulini, kwa adabu.

"Msimtese Zdenko," akasema kwa sauti ya chini. "Si mtu mbaya. Ana hasira tu, na hasira ikimtoka hajui alichofanya."

"Unadhani ni yeye."

"Sikusema hivyo."

"Umesema karibu na hapo." Vinka akaketi. "Uliamka saa ngapi jana?"

"Ksenija alipopiga kelele."

"Chumba chako ndicho cha mbele. Mtu kapigwa akaanguka juu ya kichwa chako, hukusikia?"

"Nilimeza kidonge cha usingizi. Nina vidonge vya kila namna, ndiyo kazi yangu."

"Kidonge mchana?"

"Baada ya chakula kile, ndiyo. Bila shaka Ksenija kakusimulia. Anasimulia vizuri." Akatabasamu. "Mimi nimezoea chumba kidogo, inspekta, na kiti cha mwisho. Mwaka huu nilipewa chumba cha mbele kwa sababu bibi mkubwa kasema kinayumba."

"Na jioni? Ungekuja kula?"

"Wao wangekuja. Wao watatu na pweza wao. Mimi ningekula mkate na jibini botini."

"Tumbo?"

"Tumbo."

"Na foronya?"

Jagoda hakushtuka. "Nilitokwa damu puani. Hili jua."

"Pole," akasema Vinka, na akainuka. Ilikuwa saa tisa na robo.

Jiko la barba Jerko lilikuwa chumba cheusi kwa moshi, na katikati yake meko pana la mawe lenye makaa. Mwenyewe, mzee wa miaka themanini kasoro, alikuwa ameinama akipalia makaa juu ya mfuniko mkubwa wa chuma. Darubini ilining'inia shingoni mwake. Kazi ya darubini ilikuwa moja: kutazama kama kuna boti iliyofungwa kwenye boya lake bure halafu watu wake wakaenda kula kwa Tereza, ng'ambo ya ghuba.

"Ingia, mwanangu," akamwambia Vinka. "Umekonda. Au kule kituoni mnakula kwa Tereza?"

"Kituoni tunakula karatasi, barba."

"Karatasi ina chumvi kuliko mkono wa Tereza."

Ni Pave aliyeuona ubao. Ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango, ubao mweusi wa chaki, na juu yake barba aliandika maagizo ya chakula: jina la boti, chakula, idadi ya watu, saa. Nyama au pweza wa kupaliwa makaa hapikwi mtu akishaketi. Huagizwa mapema, nusu siku kabla ikiwezekana, ama sivyo mtu ale sadini. Ya jana yalikuwa hayajafutwa.

"Mkuu!" Pave alimshika inspekta mkono, akasahau cheo. "Soma! *Zvizdan. Pweza. Tatu. Saa moja na nusu.* Tatu, mkuu! Na walikuwa wanne!"

"Naona."

"Unaona? Basi aliyeagiza alijua mmoja hatakula! Aliagiza chakula cha matanga! Barba, nani alipiga simu? Sauti ya mwanamume mnene?"

"Lovre," akasema barba Jerko.

"Lovre nani?"

"Lovre marehemu. Lovre wangapi unawajua?"

Pave akabaki mdomo wazi. "Kwa hiyo... alijua atakufa?"

Mzee akaweka koleo chini. Alimtazama koplo kutoka kofia hadi viatu, kwa huruma.

"Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

"Vinkovci."

"Nilijua. Wewe ukija hapa na watu wanne utaniagiza pweza wa watu wanne, na mimi nitafurahi, nitasema Mungu kaniletea mtu wa bara. Sikiliza. Pweza wa watu watatu anashibisha wanne, na mkate wa kuchovya mchuzi unabaki. Kwa hiyo mtu wa pwani wakiwa wanne huagiza wa watatu. Wakiwa sita, wa wanne. Mimi najua, yeye anajua, hatuambiani. Baba yake Lovre alikuwa mtu wa Lumbarda, wa pwani hii hii, angefufuka amchape mwanawe kama angeagiza sawa na vichwa. Kaagiza wa watatu, mimi nikatandika sahani nne. Tereza ndiye anayeandika wanne kwa wanne, yule mwizi."

"Ni kweli?" Pave akamgeukia Vinka.

"Babangu alikuwa akiagiza wa watano tukiwa saba," akasema Vinka. "Nikiwa mtoto nilidhani mimi na mdogo wangu hatuhesabiwi."

Alisema hivyo kwa mzaha. Kisha mzaha ukaondoka usoni.

"Barba, alipiga saa ngapi?"

"Saa tisa kasorobo, nilikuwa sijawasha moto. Ananiambia, 'Barba, pweza wa watu watatu, saa moja na nusu, viazi vingi.' Nikamuuliza divai gani, nyeupe au nyekundu. Hajibu. Simu imekatika. Nikasema mtandao. Humu ghubani mtandao ni kama shemeji yangu, huja siku akitaka."

"Na hukutuambia jana?"

"Jana huyu askari wako aliniuliza nimeona nini. Sikuona kitu. Kusikia hakuuliza."

Pave akajikuna shingo. "Basi hiyo tatu si kitu," akasema kwa unyonge. "Tumerudi kwa daktari."

"Si kitu kwa barba na kwangu. Fungua daftari lako. Ksenija alisemaje kuhusu chakula cha jioni?"

Pave akalamba kidole, akafunua. "'Kula kwa barba Jerko. Sote wanne.'"

"Na Jagoda?"

"'Wao wangekuja. Wao watatu na pweza wao.'" Akainua kichwa taratibu. "Wao watatu."

"Hakuna aliyemwambia ni watatu, Pave, wala kwamba ni pweza. Wenzake walijua ni wanne. Maneno hayo yalitoka mdomoni mwa Lovre mara moja tu, kwenye simu, dakika ambayo alikufa. Aliyeyasikia alikuwa karibu naye."

Saa kumi walikuwa tena juu ya Zvizdan. Vinka alimtuma Pave akalale kwenye kitanda cha chumba cha mbele, kidirisha cha dari kikiwa wazi kama kinavyoachwa na kila mtu wakati wa joto. Yeye akachukua simu yake, akaanzia tezi, nyuma kabisa ya boti. Hakuna mtandao. Karibu na usukani, hakuna. Kwenye mlingoti, ulikuja ukaondoka. Alipofika omo kabisa, akasimama na kushika waya wa tanga la mbele, mtandao ukakaa. Kidirisha cha chumba cha Jagoda kilikuwa nyuma ya visigino vyake.

Akapiga. "Barba? Vinka hapa. Pweza wa watu watano."

"Watano?" sauti ya Pave ikapanda kutoka chini. "Mkuu, wa tano nani? Na nyumbani mke wangu amepika!"

Vinka akakata simu. "Umesikia vizuri?"

"Kama uko kitandani. Samahani, mkuu. Nimekusudia kama uko karibu."

"Simama juu ya kitanda. Toa mkono dirishani. Kasha la nanga liko kulia kwako, na mkono wa winchi unakaa humo. Nyoosha."

Kiganja kinene cha Pave kikatokea, kikapapasa sitaha, kikafika kwenye kasha, kikaingia. Hakikuwa kimepungukiwa hata shibiri. Kikatoka kitupu, maana mkono wa winchi ulikuwa polisi, lakini kilitoka cheusi. Wenye boti hupaka grisi nzito mle ndani, chumvi isile chuma.

"Nimefika," akasema Pave. "Lo, uchafu gani huu!"

"Usifute!" akaita Vinka.

Sauti ya aibu ikajibu: "Nimeshafuta."

"Wapi?"

"Kwenye mto."

Vinka akageuka, akaitazama foronya kwenye uzio. Alikwenda, akaichomoa vibanio, akaiinua juani. Hapo ndipo ilipoonekana. Chini ya weupe kulikuwa na kivuli cha kijivu, vidole vinne vilivyofifia, vidogo.

Saa kumi na moja kasorobo walimshusha daktari ili avuke. Alitembea kwenye gati la mawe polepole, pingu mbele, na mkewe alisimama mbali kidogo, mikono amefunga kifuani, akiangalia boti ya polisi ikiwashwa. Hawakutazamana. Barba Jerko alitoka jikoni na kitambaa begani. Jagoda alikuwa palepale chini ya mizabibu, begi miguuni, mtu anayesubiri ruhusa ya kwenda nyumbani.

Vinka aliitandaza foronya juu ya meza mbele yake.

"Mfamasia anajua kuliko mimi," akasema. "Damu ya pua ukiiwahi kwa maji baridi, inatoka. Nini hakitoki?"

Jagoda akaiangalia.

"Grisi haitoki. Na mtandao wa simu kwenye boti ile uko mahali pamoja tu, juu ya kitanda chako."

"Nilikuwa nimelala. Nilikwambia kidonge."

"Basi nani alikwambia ni pweza, tena wa watu watatu?"

Daktari akasimama. Askari aliyemshika naye akasimama. Maji yalilamba mawe ya gati.

Jagoda akageuza kiganja chake cha kulia, akakitazama, halafu akakilaza tena pajani.

"Nilingoja aseme neno moja," akasema. "Ksenija ananifukuza mbele ya sahani yangu, yeye anakata tikiti. Sawa. Nikasema labda jioni, mezani, ataniwekea kiti, atasema, Jagoda, kaa hapa. Nililala nikingoja jioni. Kidonge sikumeza. Kisha namsikia juu ya kichwa changu, anaongea kwa furaha kabisa. Watatu." Sauti yake haikupanda. "Mke wa Lovre alipougua nilimuuguza mimi, inspekta, miezi minane, nikija kila Jumamosi kwa basi. Mama yake nimemvisha sanda kwa mikono hii. Nikapunguzwa kama mtu anavyopunguza chumvi. Watatu, saa moja na nusu, viazi vingi. Nikatoka kwa dirishani. Alikuwa amenipa mgongo."

Pave alikuwa ameacha kuandika. Vinka akamwonyesha kwa kidole aandike, akaandika.

Sheria ilikuwa imepata yake. Inspekta angeweza kuishia hapo, na baadaye, kwa miaka, alijiuliza kama ingekuwa heri. Lakini mambo hayo mtu huyasikia mahakamani kwa mdomo wa mwanasheria, mbele ya watu, na aliona afadhali ayasikie kwa mtu wa pwani.

"Lovre aliagiza chakula cha watu wanne," akasema.

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia watatu. Huku kwetu wakiwa wanne huagizwa wa watatu. Pweza anatosha."

Jagoda alimtazama kama mtu anayesemeshwa na mlevi. Kisha akamtazama mzee.

"Sahani nne nilitandika, bibie," akasema barba Jerko. Alivua kofia. "Kwa mkono wangu. Meza ile ya ukingoni."

"Mnasema watatu, mkiwa wanne?"

"Pwani yote hii."

Midomo ya Jagoda ilisogea kama anayehesabu tena kitu kilichokwisha kuhesabiwa. Vinka alijiandaa kumshika, maana alidhani ataanguka. Hakuanguka. Aligeuza kichwa kumtafuta Ksenija.

"Wewe ulijua?"

Ksenija hakutegemea kuulizwa. "Nilijua nini?"

"Hili la watatu. Ulijua?"

"Lovre aliniambia," akasema Ksenija, na machozi aliyoyazuia tangu jana yakaanza kushuka. "Mwaka juzi. Tulicheka sana."

"Mwaka juzi," akarudia Jagoda. "Mimi nimemjua miaka thelathini. Hakuniambia."

Hapo tu, kuliko mahali pengine pote siku ile, uso wake ulivunjika. Haukuvunjika kwa maiti wala kwa jela iliyokuwa ikimsubiri. Akainuka mwenyewe, akamnyooshea Pave mikono yote miwili, akatazama pembeni ili asimwone yule mwanamke akilia.

Pave akamfungua daktari pingu, akamfunga yeye, kwa upole, kama anayemvisha saa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Mwendesha mashitaka angepata mtu wake kwa wakati, ila si yule aliyemtaka. Kamba ikafunguliwa, boti ikarudi nyuma ikigeuza omo kuelekea mdomo wa ghuba.

Zdenko Hrastić alibaki kwenye gati, huru, akijisugua vifundo vya mikono. Vinka, ambaye hakupanda boti, alimsogelea kumwambia kwamba atahitajika kutoa maelezo, na kwamba anaweza kwenda. Hakumsikia. Hakumshukuru. Macho yake yalikuwa kwa mkewe.

"Mwaka juzi lini?" akauliza.

"Zdenko, jamani. Si sasa."

"Mwaka juzi boti ilikuwa nchi kavu, Ksenija. Kiangazi chote, juu ya magogo, inapigwa rangi. Hatukwenda popote." Akasogea hatua moja. "Nani alikuagizia pweza?"